Barua ya wazi: Deni lilishakufa vitabuni, mwambieni na mdaiwa

Kwa waheshimiwa wabunge, mawaziri wenye dhamana ya sheria na fedha, majaji, na magavana wa benki kuu, popote mlipo.

Salamu kwanza. Mna kila haki ya kunitilia shaka, maana kwa miaka tisa nilikula mshahara kwa kusumbua watu. Nilikuwa mkusanya madeni. Nilivaa hedifoni asubuhi, nikampigia mtu simu, nikamwita kwa majina yake yote matatu ili ajue kwamba namjua, kisha nikamuuliza ni lini. Hatukuruhusiwa kuuliza "utalipa?" Swali hilo lina mlango wa kutokea. "Lini" halina.

Kwenye kioo cha kompyuta kila mdaiwa alikuwa na mstari wake, na kila mstari ulikuwa na safu tatu za tarakimu. Safu ya kwanza ilikuwa ya fedha alizokopa. Ya pili, fedha anazodaiwa leo, pamoja na riba, adhabu za kuchelewa na gharama za kumfuatilia. Yaani hata simu yangu aliilipia yeye. Ya tatu iliandikwa "kinachotarajiwa", na hiyo mdaiwa hakuonyeshwa kamwe. Yalikuwa makadirio ya kile ambacho kampuni yenyewe ilidhani itakipata kwake. Kwa mafaili ya siku nyingi safu ya tatu ilisoma sifuri, au jirani kabisa na sifuri. Na safu ya pili iliendelea kunenepa kila usiku wa manane, mimi nikiwa nimelala na mdaiwa akiwa macho.

Ninachotaka kuwaeleza kiko katikati ya safu hizo mbili za mwisho, na ombi langu ni moja: mdaiwa asiye na kitu apewe njia rahisi ya kufilisika kisheria, deni lake lifutwe.

Magavana wa benki kuu wanalijua hili kuliko mimi, ila wadaiwa wengi hawajawahi kuelezwa na mtu. Mkopo ukipitisha siku 90 bila kulipwa, kanuni za kimataifa za uhasibu humtaka mkopeshaji auhesabu kuwa umeshindikana, isipokuwa awe na ushahidi wa kuonyesha vinginevyo, na atenge fungu la kufidia hasara. Kule Marekani, deni la kadi ya mkopo lisilolipwa huondolewa vitabuni kama hasara likifika siku 180. Mkopo wa kulipa kwa mafungu, siku 120. Baada ya hapo deni hupelekwa sokoni. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilichunguza wanunuzi wa madeni na kutoa ripoti Januari 2013, na ilikuta kwamba walilipa wastani wa senti 4 kwa kila dola moja ya deni. Aliyenunua kwa senti nne humfuata mdaiwa na kumdai dola nzima, na riba juu yake.

Kwa hiyo mkopeshaji wa kwanza amekwisha lia, amekwisha zika, na matanga ameshaanua. Mtu mmoja tu ndiye asiyepelekewa taarifa ya msiba, naye ni yule anayeambiwa kila wiki kwamba deni lake lina afya njema na linaendelea kukua.

Kulikuwa na fundi mmoja wa kushona. Nilimpigia kwa miezi, na siku moja akaja mwenyewe ofisini, jambo ambalo wadaiwa hawalifanyi. Alishika mfuko wa plastiki. Akauinamisha juu ya meza yangu zikamwagika bahasha, nyingi hazijafunguliwa, akaanza kuzipanga kwa ukubwa kama mtu anayepanga vipande vya kitambaa kabla ya kukata. Wadai wake walikuwa kumi na mmoja. Akaniangalia akaniuliza, bila hasira, "Samahani ndugu yangu, ya kwenu ni ipi?"

Nilimwonyesha. Akatoa fedha kidogo mfukoni, akanihesabia, nikampa risiti. Sikumwambia fedha ile inakwenda wapi. Ilikwenda kwanza kwenye gharama, ikabaki kidogo ikaingia kwenye adhabu, ikaisha. Riba haikuguswa. Mkopo wenyewe, ule alionunulia cherehani, haukuguswa hata senti. Na faili lake sisi tulilinunua pamoja na mafaili mengine mengi, kwa furushi, kwa bei ambayo ningeona haya kuitamka mbele yake.

Baadaye mdai mwingine, mmoja wa wale kumi, alipata hukumu na dalali akaibeba ile cherehani. Iliuzwa mnadani kwa bei ya chuma chakavu. Gharama za dalali zikatolewa kwanza, na kilichobaki hakikupunguza deni kwa kiasi cha kuonekana. Mtu aliyekuwa akilipa kidogo kidogo kwa kazi ya mikono yake akawa halipi kabisa, kwa sababu tulimnyang'anya kazi. Kwenye kioo changu safu ya tatu ikasoma sifuri kamili.

Najua mtakachosema. Dawa ya deni kulipa. Nami nilikuwa nayo methali hiyo kwenye ulimi. Niliwapigia nayo watu mpaka ikachuja. Kwa mwenye uwezo ni kweli tupu, na asiyelipa ilhali anacho simtetei hapa. Lakini dawa humezwa na mwenye koo. Asiye na kitu ukimwambia alipe, hujamtibu, unamsomea tu jina la ugonjwa wake. Wahenga hao hao walisema pia kukopa harusi, kulipa matanga, na hiyo tunaitaja kwa kicheko, kana kwamba matanga ni ya mdaiwa peke yake. Mwenye deni lisilolipika hana sababu ya kutafuta kazi nzuri zaidi, maana nyongeza yote itakatwa. Hafungui akaunti. Hajiandikishi popote. Nimewaona wanaoacha kazi ya mshahara siku barua ya makato inapofika kwa mwajiri, wakaenda kufanya vibarua vya kulipwa mkononi. Serikali ikakosa kodi, mdai akakosa makato, na sisi tukapata namba mpya ya simu ya kutafuta.

Kampuni zenu hamzifanyii hivyo. Kampuni ikishindwa, huteuliwa mfilisi, mali iliyopo hugawanywa, kampuni hufutwa kwenye daftari, na wenye hisa hurudi nyumbani na magari yao. Kesho yake wanaweza kusajili nyingine. Hakuna anayewaita wezi. Mnaita hiyo hatari ya biashara, na mmeitungia sheria nzuri. Huruma hii ilianza na wafanyabiashara na ikachelewa sana kuwafikia wengine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1705 ndiyo iliyomruhusu mfanyabiashara aliyefilisika, akitoa mali yake yote na kusema kweli, aondolewe deni lililobaki. Sheria hiyo hiyo iliweka adhabu ya kifo kwa mfilisika aliyeficha mali, hivyo msamaha na kitanzi vilikaa katika karatasi moja. Asiyekuwa mfanyabiashara hakupewa njia ya kufilisika mpaka 1861. Alikwenda jela. Baba yake Charles Dickens, yule mwandishi wa riwaya, alifungwa katika gereza la Marshalsea, London, mwaka 1824 kwa deni la muoka mikate, na Charles mwenyewe, mtoto wa miaka kumi na miwili, alikuwa akibandika karatasi kwenye chupa za rangi ya viatu kiwandani. Ilipofika 1869 Bunge lao lilifuta sehemu kubwa ya vifungo vya deni, na sababu haikuwa upole mtupu: mtu aliye jela hazalishi, na mdai anabaki na njaa yake.

Sasa nifike pale panaponiuma zaidi. Nchi nyingi zinayo sheria ya ufilisi wa mtu binafsi. Mkiulizwa mtasema ipo, na ni kweli ipo. Tatizo ni kwamba imetungwa kwa ajili ya mtu mwenye mali. Maskini wa kweli hawezi kuingia, kwa sababu ni maskini mno hata kufilisika.

Mtadhani natania. Afrika Kusini inatumia Sheria ya Ufilisi ya mwaka 1936, na kwa sheria hiyo mahakama haimtangazi mtu kuwa amefilisika mpaka ionekane kuna faida kwa wadai. Maana yake, mwenye nyumba na gari la kuuza atapata nafuu, na asiye na kitu atakataliwa kwa kuwa hana kitu. Nchi hiyo ina pia mapitio ya madeni chini ya Sheria ya Taifa ya Mikopo ya 2005, lakini hayo hupanga upya malipo, hayafuti, na yanahitaji uwe na kipato cha kupangwa.

Ujerumani ilipojifunza, ilijifunza kwa hesabu. Sheria yao mpya ya ufilisi ilianza Januari 1999, kwa mara ya kwanza ikimpa raia wa kawaida njia ya kuondolewa deni. Ikaja na sharti moja dogo: gharama za mahakama zilipwe kwanza. Wenye shida wengi hawakuweza kuleta fedha hizo, sheria ikabaki nzuri na tupu. Desemba 2001 walirekebisha, mdaiwa akaruhusiwa kuahirisha gharama hizo, na maombi yakamiminika. Mlango ulikuwepo tangu mwanzo; kilichokosekana ni kuondoa kizingiti.

Marekani, ambayo husifiwa kwa kumpa mdaiwa mwanzo mpya, hutoza ada ya dola 338 kwa ufilisi wa kawaida wa kuuza mali, na wakili juu yake mara kadhaa ya hiyo. Ada inaweza kusamehewa kwa wenye kipato cha chini kabisa, wakili hasamehewi. Kwa hiyo watu hujikusanyia fedha za kufilisikia, kama mtu anayeweka akiba ya mazishi yake. Watafiti waliofuatilia hundi za marejesho ya kodi za mwaka 2001 na 2008 waliona maombi ya ufilisi yakipanda mara tu hundi zilipofika majumbani. Serikali iliwapa watu fedha, nao wakazitumia kununua ruhusa ya kusema hawana fedha.

Wapo waliotengeneza mlango mdogo kwa watu wadogo, na ni hao ninaowaomba mwatazame. Nyuzilandi, katika sheria yake ya mwaka 2006, iliweka utaratibu wa mtu asiye na mali: hana cha kuuza, deni lake haliko juu ya kikomo, hajawahi kuutumia kabla, anaingizwa, wadai wanasimamishwa, na baada ya miezi 12 deni linafutwa. Kenya iliandika wa namna hiyo katika Sheria yake ya Ufilisi ya mwaka 2015, kwa mwenye deni lisilopungua shilingi laki moja wala kuzidi milioni nne. Uingereza na Wales zina amri ya kuondoa deni tangu 2009. Hiyo haipiti mahakamani. Mshauri wa madeni aliyeidhinishwa anakaa na mdaiwa, wanajaza maombi, afisa wa serikali anayapitia, na kwa miezi 12 hakuna mdai aliyemo kwenye orodha anayeruhusiwa kumgusa. Mwaka ukiisha na hali yake haijabadilika, madeni yaliyoorodheshwa yamekwisha. Ada ilikuwa pauni 90, wakaifuta Aprili 2024. Juni mwaka huo wakapandisha kikomo cha deni hadi pauni 50,000, na gari la thamani isiyozidi pauni 4,000 halihesabiwi. Vifaa vya kazi navyo haviguswi. Nikisoma hayo naikumbuka ile cherehani.

Lakini sheria isiyojulikana ni sawa na haipo, na sisi tulihakikisha haijulikani. Mwongozo wetu wa simu ulikuwa na ukurasa mzima kuhusu neno "ufilisi". Mdaiwa akilitamka, usilirudie. Mpeleke kwenye mada ya malipo madogo. Mkumbushe jina lake litakavyoonekana. Mwulize familia yake itasema nini. Nililitekeleza hilo vizuri, nilipewa hata bonasi. Nawaambia ili mjue kwamba aibu mnayodhani ni ya asili, kwa sehemu, ilikuwa kazi ya watu wa mshahara.

Tuje kwenye hofu yenu, maana ni hofu halali: mkilegeza, watu si watakopa makusudi na kukimbia? Niliwahi kukutana na watu wa aina hiyo. Katika miaka tisa nawakumbuka wawili, na wote wawili walikuwa na wakili mjanja kuniliko mimi. Wengine wote waliangushwa na mambo mnayoyajua nanyi: ugonjwa, kazi kuisha, ndoa kuvunjika, biashara kukosa wateja. Teresa Sullivan, Elizabeth Warren na Jay Westbrook walipopekua mafaili ya waliofilisika Marekani miaka ya 1980 walikuta watu wa kawaida wa tabaka la kati walioyumbishwa na misukosuko hiyo hiyo, kinyume na picha ya mjanja anayecheka akitoka mahakamani.

Marekani hata hivyo ilikaza. Bunge lao lilipitisha sheria mwaka 2005 ya kupima kipato cha mwombaji, kumpeleka kwenye ushauri wa lazima na kumwongezea makaratasi. Kabla haijaanza Oktoba 17, watu walipiga foleni, na maombi ya mwaka huo yakazidi milioni mbili. Mwaka uliofuata yakaanguka hadi laki sita hivi, na waliotunga wakajipongeza. Kisha uchumi ukaporomoka, na kufikia 2010 maombi yalikuwa yamerudi juu ya milioni moja na nusu. Dhiki haikusoma sheria. Kilichobadilika ni kwamba kufilisika kulikuwa ghali zaidi kuliko mwanzo.

Kuna utafiti mmoja ningependa kila mmoja wenu auweke mezani. Ufilisi wa kulipa kwa mpango kule Marekani, ambapo mdaiwa hulipa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa badala ya kuuza mali, huamuliwa na majaji, na mashauri hugawiwa majaji kwa bahati nasibu. Wapo majaji wepesi wa kukubali na wapo wagumu. Kwa hiyo watu wawili wenye shida moja hupata majibu tofauti kwa sababu tu ya jina la jaji aliyewaangukia, na hapo mtafiti anaweza kulinganisha bila kudanganywa na tabia za watu. Will Dobbie na Jae Song walifanya hivyo katika mashauri yapatayo laki tano, wakachapisha mwaka 2015. Waliopewa ulinzi wa ufilisi walipata kipato cha mwaka kilichozidi cha wenzao kwa dola 5,562. Vifo ndani ya miaka mitano vilipungua kwa pointi 1.2 za asilimia. Nyumba zilizonyang'anywa zilipungua kwa pointi 19.1. Soma tena hilo la vifo. Tunabishana kuhusu nidhamu ya fedha, kumbe mezani kuna roho za watu.

Na mwaka 2019 watafiti wa Singapore, Qiyan Ong, Walter Theseira na Irene Ng, waliwafuata maskini wenye madeni ya muda mrefu ambao shirika la hisani lilikuwa limewalipia sehemu ya madeni. Wasiwasi ulishuka, na majaribio ya akili waliyafanya vizuri zaidi kuliko kabla. Jambo lililonishika ni hili: kwa fedha ile ile iliyolipwa, aliyemaliziwa madeni mengi alinufaika zaidi ya aliyemaliziwa machache. Kumbe kinachochosha akili ni idadi ya wanaokudai, siyo jumla tu. Ni zile bahasha kumi na moja mezani.

Hofu ya pili ni kwamba wakopeshaji watabana. Hiyo nayo ni ya kale. Kumbukumbu la Torati, sura ya 15, linaamuru madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba, na mistari michache mbele linaonya usimnyime ndugu yako mkopo kwa kuwa mwaka wa saba umekaribia. Aliyeandika hivyo aliijua tabia ya mkopeshaji vizuri sana. Qurani nayo, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 280, inamtaka mdai amngoje aliye katika dhiki mpaka afarijike, na kulifanya deni sadaka inasema ndiyo bora zaidi. Sitaki kuwahubiria. Nataja tu kwamba wenye imani hawakungoja wanauchumi. Na mkopeshaji akibana kidogo kwa mtu ambaye kipato chake kinaonyesha wazi hawezi kulipa, mimi niliyekuwa upande wa pili wa simu nasema abane. Mikopo mingi niliyoikusanya isingetolewa kama mtoaji angejua kwamba hasara itamrudia.

Sisemi kila deni lifutwe. Matunzo ya watoto yabaki, faini za jinai zibaki, fedha za ulaghai zibaki. Ila angalieni orodha ya mambo yasiyofutika isinenepe kama ile safu ya pili. Mikopo ya masomo Marekani ilianza kuwekewa vizuizi mwaka 1976. Kufikia 1998 mikopo ya serikali haikufutika tena isipokuwa kwa kuthibitisha dhiki iliyopita kiasi, na 2005 mikopo ya elimu inayotolewa na wakopeshaji binafsi nayo ikaingizwa. Kila hatua ilionekana ndogo ilipopita.

Wadhamini ndio wanaonipa tabu, na hapa sina jibu jepesi. Karibu kila mahali, mdaiwa akifutiwa deni, mdhamini hafutiwi. Siku ileile mkono unahamia kwa mama, kwa kaka, kwa rafiki aliyetia saini kwa sababu alionea haya kukataa. Nimewahi kumpigia mama mzazi kumweleza kwamba mwanawe amesamehewa na sasa ni zamu yake. Wapo wadaiwa wanaokataa kufilisika kwa sababu hiyo tu. Marekani, katika ule ufilisi wa mpango, aliyetia saini pamoja na mdaiwa kwenye deni la matumizi ya kawaida hulindwa mpango ukiwa unaendelea. Ni mwanzo. Angalau mdhamini asiye na kipato apite mlango mmoja na mdaiwa, kwa fomu moja, bila kuanza upya.

Na muda. Ujerumani walianza na miaka saba, wakashuka hadi sita, na tangu 2020 ni mitatu. Mwenye miaka arobaini na mitano akiambiwa angoje saba, amekaribia kuzeeka. Kumtangaza gazetini, kumwandika kwenye orodha ya wadaiwa sugu miaka mingi baada ya deni kufutwa, kumkataza kazi isiyohusiana na fedha za watu: hayo hayamlipi mdai hata senti. Ni fimbo tu.

Ninaloomba linaingia kwenye karatasi moja. Wekeni utaratibu usio na mahakama kwa asiye na mali na asiye na ziada ya kipato, bila ada, ndani ya mwaka mmoja. Kifaa cha kazi kisiuzwe. Ombi likipokelewa, simu zote zinyamaze siku hiyo hiyo. Na kila barua ya madai, ya kwanza hadi ya mwisho, ibebe juu kabisa, kwa lugha ambayo mdaiwa huizungumza nyumbani kwake, sentensi inayosema kuna njia hii, inapatikana ofisi fulani, hailipiwi. Mkinipa nafasi ya kuongeza moja, mlazimisheni kila anayenunua deni aandike kwenye barua hiyo alilinunua kwa kiasi gani. Hii ya mwisho najua mtaicheka. Lakini kama mdaiwa angeiona ile bei, mazungumzo yetu yote yangekuwa mengine.

Niliacha kazi ile bila ugomvi na mtu. Mwaka mmoja baadaye nilipigiwa simu na kijana wa kampuni nisiyoijua. Faili la yule fundi lilikuwa limeuzwa tena, na kwenye kumbukumbu za zamani alikuta jina langu kama mtu wa mwisho aliyezungumza naye. Alikuwa na sauti ya heshima, shikamoo yake ilikuwa ya mtu aliyelelewa. Akanitajia jumla ya deni lilipofika, nikamwomba arudie. Kisha akaniuliza kama najua anapoishi siku hizi.

Nilikuwa najua. Nikamjibu simfahamu.

Wenu,
aliyekuwa mkusanya madeni